Mfu wa Kibarua

Nimekufa mara sitini na tatu.
Usicheke. Nicasia ndiye aliyekuwa akihesabu,
kwa mkaa, ukutani, nyuma ya jiko:
kila risasi mstari mmoja,
kila mstari peseta mia mbili na hamsini
na mkate wa soseji.

Waitaliano walikuja mwaka ule
mbuzi walipokosa hata miiba.
Kwa wiki tatu wakasimamisha mji mzima usio na mgongo:
benki mlango tu, kanisa uso tu,
baa peke yake ikapata paa,
maana mwongozaji hakuliweza jua.
Wakasema, kuanzia leo hapa ni Amerika.
Sisi wa Almería tukavitazama vilima vyetu,
vilevile, vikavu kama ulimi wa mwenye homa,
tukajibu: haya, bwana, mradi mnalipa.

Asubuhi jambazi, mchana askari,
jioni wananipaka udongo mwekundu
nikafie upande wa pili.
Kuna siku nilijiua mwenyewe:
nilifyatua kabla ya chakula, nikaanguka baada ya chakula,
na walipouunga ule utepe
mimi nikampiga mimi,
katikati ya paji la uso.

Stelingi hafi. Hiyo ndiyo katiba,
hata mtoto wa kunyonya anaijua.
Risasi humkwepa
kama mdeni anavyomkwepa mwenye duka.
Mimi, ya kwanza tu inanipata,
hata ikiwa ilimlenga farasi.

Na kufa kuna ufundi wake.
Usianguke kama gunia, alinifunza Baldomero,
aliyekufa vizuri kuliko sisi sote;
anguka kama mtu aliyekumbuka
kwamba ameacha maziwa motoni.

Halafu fasheni ikageuka.
Dunia ikataka ngumi, ikataka papa,
ikataka wafu wanaofufuka, ikataka maroketi.
Wajuzi wa Madrid wakaandika: kauboi amekwisha, azikwe.
Mbao za benki tukajengea mabanda.
Kuku wangu walitagia benki miaka kumi na mmoja
na hakuna aliyewavamia.

Lakini kila Agosti, ukutani kwa kinu cha zeituni,
picha zilezile zinaonyeshwa tena, na uwanja hujaa.
Watu huja na viti, na mbegu za alizeti, na wajukuu
ambao hawajawahi kumpanda hata punda,
nao wanajua, wote wanajua:
mlango wa baa utalia, piano itanyamaza,
mgeni ataagiza kinywaji asichokinywa.
Wanajua kama unavyojua jibu la kitendawili
ulichoteguliwa tangu utotoni,
na bado mtu akianza unamwambia: tega.

Nicasia alikuwa hivyohivyo.
Mlango ukilia, kucha zake mkononi mwangu.
"Lakini unajua nakufa," namnong'oneza.
"Najua. Nyamaza."

Yeye alikufa Jumanne, mara moja tu,
bila mazoezi.
Hakuna aliyepaza sauti kusema kata,
hakuna aliyemletea maji na taulo.
Sikuchora mstari.

Agosti hii wamenipa kiti cha mbele, kwa heshima.
Ukutani mimi niko juu ya paa,
miaka ishirini na sita, bunduki begani,
meno yote.
Chini, kushoto, pembeni kabisa,
mwanamke mwenye kitambaa kichwani anakatiza barabara
na ndoo isiyo na kitu,
akiibeba kana kwamba imejaa.
Sekunde nne. Walimlipa nusu.

Uwanja mzima unatazama paa.
Eloy, mtoto wa jirani, ananivuta shati:
"Babu, sasa hivi unakufa."

Najua. Nyamaza.